Hoteli ya kisiwani Maldivi: bei ya menyu, bei ya bili na bakshishi

Hoteli tuliyofikia iko katika atoli (kundi la visiwa vya matumbawe) ya Kaafu, si mbali kwa boti ya kasi kutoka uwanja wa ndege wa Velana, na kwa upande wa vyumba, usafi na ufuko sina la kuilaumu. Chumba kilisafishwa asubuhi na jioni, na jodari wao wa kuchoma alikuwa mtamu kiasi cha kumfanya mtu wa pwani asifie samaki wa wenzake, jambo ambalo si la kawaida. Nitakalolizungumzia kwa urefu ni fedha za matumizi, kwa kuwa hapo ndipo mgeni anayetoka Dar es Salaam au Mombasa anapoweza kuumia asipojipanga mapema.

Hoteli za aina hii huko Maldivi kwa kawaida huwa na kisiwa chake peke yake. Hakuna duka la Mangi wala mama lishe wa kukimbilia njaa ikibisha saa tisa alasiri; maji, kahawa, mafuta ya kujikinga na jua na hata mrija wa kuogelea kutazama samaki vyote vinauzwa na hoteli hiyohiyo, kwa dola, na kuandikwa kwenye bili ya chumba. Mgeni husaini tu, siku hadi siku, na hesabu humpotea kwa urahisi kuliko angekuwa anatoa noti mfukoni.

Bei za menyu zilikuwa na alama mbili za kujumlisha pembeni, na maelezo yake yalichapishwa chini kabisa kwa herufi ndogo: bei haijajumuisha tozo ya huduma ya asilimia 10 wala kodi ya utalii, ambayo tangu Julai 2025 ni asilimia 17. Kodi hiyo hukokotolewa baada ya tozo kuongezwa, kwa hiyo nyongeza yote inafika asilimia 28.7. Kahawa iliyoandikwa dola 8 ikawa dola 10.30, na sahani ya samaki ya dola 38 ikakaribia dola 49. Kwa maoni yangu hoteli ya hadhi hiyo ilipaswa kuandika bei kamili, kwa sababu mgeni aliyekwisha kaa mezani hapaswi kufanya hesabu za darasani. Kuna pia kodi ya kijani, ambayo katika hoteli kubwa ni dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku. Wawili wakilala siku tano ni dola 120. Muulize wakala kama imo kwenye bei ya chumba kabla hujalipa, na umuulize vilevile kuhusu nauli ya boti.

Kifurushi cha kila kitu, yaani kile ambacho chakula na vinywaji hulipiwa mapema pamoja na chumba, kinawafaa wenye watoto, ambao kila saa wanataka juisi au aiskrimu, pamoja na wanaokunywa pombe. Asiyekunywa ataona kwamba sehemu nzuri ya fedha yake inalipia chupa za wengine. Kwa huyo, milo mitatu bila vinywaji ndiyo njia nafuu zaidi, na hoteli nyingi wanayo ukiulizia, ingawa aghalabu hawaitangulizi kwenye matangazo.

Kuhusu bakshishi, chini ya kila karatasi ya kusaini kulikuwa na mstari mtupu wa kujazia kiasi, ilhali tozo ya huduma imekwisha kukatwa mistari michache juu yake. Sheria ya Maldivi inamtaka mwajiri aigawe tozo hiyo kwa wafanyakazi, hivyo mstari huo unaweza kuachwa mtupu bila aibu yoyote. Sisi tuliona vema kutoa mkononi, dola moja au mbili kwa mbeba mizigo, na kiasi kikubwa zaidi siku ya mwisho kwa mhudumu wa chumba, kijana wa Bangladesh aliyekuwa akituongezea maji ya kunywa bila kuombwa. Noti ndogo ziombwe kwenye duka la kubadilishia fedha kabla ya safari, ziwe safi na zisizochanika. Shilingi usiitegemee huko.

Mwenye bajeti finyu zaidi aangalie nyumba za wageni katika visiwa vya wenyeji kama Maafushi, ambako unaweza kula mgahawani kwa rufiyaa, fedha ya Maldivi, na kodi ya kijani katika nyumba za wageni zilizo ndogo ni nusu. Pombe haiuzwi huko, na mavazi ya kuogelea yana ufuko wake maalumu.

Bili iombwe usiku wa kuamkia safari, kabla boti haijaanza kukuharakisha. Kwenye yetu kulikuwa na mistari miwili ya vinywaji vya chumba kingine, na mapokezi waliiondoa bila ubishi.