Padi Hailali, Televisheni Ndiyo Inayochelewa

Hamjambo watazamaji wetu, karibuni tena hapa Kisumu. Leo sina kisanduku kipya cha kufungua. Mbele yangu kuna simu, padi ya PS4, ile mashine ya gemu ya PlayStation 4, na televisheni ya inchi 32 tuliyoazima kwenye ukumbi mmoja wa gemu pale Kondele. Nataka mwone kwa macho yenu kitu ambacho timu yetu itakipima kuanzia sasa.

Vijana wa ule ukumbi wamelalamika siku nyingi kwamba padi inalala. Unabonyeza kupiga mpira, mchezaji anajivuta, beki ameshafika. Mwenye ukumbi amenunua padi nyingine mara mbili. Pesa zimekwenda na lalamiko liko palepale.

Basi tazameni. Simu hii inarekodi picha 240 kwa sekunde, yaani kutoka picha moja hadi nyingine ni milisekunde 4.2 hivi. Nimeisimamisha mahali inapoona kidole changu na skrini kwa pamoja. Nabonyeza. Sasa turudishe video polepole, tuhesabu tangu kitufe kinapozama hadi mchezaji anapoanza kusogea. Moja, mbili, tatu... thelathini na nne. Hizo ni kama milisekunde 142. Nachukua rimoti, hii iliyofungwa raba ili betri zisidondoke, naingia kwenye mipangilio ya picha, nachagua hali ya gemu. Padi ni ileile, waya ni uleule. Narudia. Kumi na tisa! Milisekunde 79.

Hizo 60 na ushei zilikuwa zinaliwa na televisheni. Televisheni nyingi zikipokea picha huishika kwanza, huisafisha, huikoleza rangi, na nyingine hutunga fremu, yaani picha mojamoja zinazounda mwendo, za katikati ili mwendo uonekane laini. Ukitazama filamu hutahisi chochote, kwa maana filamu haisubiri kidole chako. Gemu inakisubiri. Gemu ikikimbia fremu 60 kwa sekunde, kila fremu hukaa milisekunde 16.7, kwa hiyo vijana wale walikuwa nyuma karibu fremu nne kila walipobonyeza. Kwenye penalti, hapo kipa ameshachagua upande.

Naomba niseme wazi: tumewakosea. Tumeongea mno kuhusu 4K, zile skrini za picha kali sana, ilhali wengi wenu mnacheza kwenye skrini kama hii. Ndiyo maana miezi inayokuja tutazunguka na simu yetu, Kondele, Nyalenda, Manyatta, hadi Nakuru tukijaliwa, tukipima televisheni ambazo watu wanazo kweli, mpya na za mkono wa pili. Kila moja tutaibonyezea mara kumi, kisha tuwape namba ya kawaida na ile mbaya kuliko zote.

Na wastani wa fremu kwa sekunde peke yake hatutawapa tena. Wastani huficha. Chukua sekunde moja ambayo fremu moja imekwama milisekunde 100 na nyingine zote zimepita sawasawa. Utaambiwa fremu 55 badala ya 60, useme si haba. Lakini jicho limeona mkwamo, na mkono umeshakosea. Tutawachorea muda wa kila fremu, mwone penyewe inapokwama.

Halafu kuna PS4 za mitumba. Mashine hii ilitoka 2013, ile nyembamba 2016, na hapa kwetu bado inalisha familia. Imevumilia vumbi na joto la chumba cha mabati, tangu asubuhi hadi usiku, na feni sasa inavuma kama posho mill. Tutamwita fundi aifungue, apulize vumbi, abadilishe ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya chipu, tupime joto na kelele kabla na baada, kwa gemu ileile na saa ileile ya mchana.

Najua wengi mnaulizia mashine ya gemu ya Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, na jinsi inavyotumia DLSS, teknolojia ya kampuni ya Nvidia, kukuza picha ndogo. Itafika zamu yake. Televisheni kwanza.

Kama simu yako ina video ya polepole, jaribu jioni ya leo kabla hujanunua padi. Angalia kwanza inarekodi picha ngapi kwa sekunde, kidole na skrini vionekane pamoja, uhesabu bila haraka. Ukishabadilisha hali ya picha, hesabu tena, kisha tuletee namba zote mbili.