Fundi anayeanza na leseni: tathmini ya huduma ya kuweka upya Windows, Digo Road

Ukipeleka laptopu iliyochoka kwa mafundi wengi wa mjini Mombasa, jibu ni moja: tutakuwekea Windows mpya. Flashi inachomekwa, diski inafutwa, kraki (programu ya kukwepa leseni) inapigwa, unalipa. Duka dogo la ghorofani tunalolitathmini hapa, kando ya Digo Road, huanza kwingine. Kabla ya kufuta chochote, fundi hutafuta leseni ambayo mashine tayari inayo. Kwa hilo peke yake anastahili alama za juu, maana laptopu nyingi za mitumba zinazotoka Uingereza zilikuwa za maofisi na zilikuja na Windows Pro halali. Kuzipiga kraki ni kumtupia mteja mali yake.

Mashine iliyopelekwa ni Lenovo ThinkPad T450: Intel ya kizazi cha 5, RAM ya GB 4, hadidiski ya GB 500 na Windows 10 Pro inayojikokota.

Fundi alifungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, akaandika slmgr /dli, kisha slmgr /xpr. Amri ya kwanza hutaja aina ya leseni. Ukiona OEM_DM, ufunguo wa leseni umo ndani ya mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine. RETAIL ni leseni ya rejareja, au ile ya kidijitali iliyopatikana kwa kupandisha toleo la zamani. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, leseni ya mashirika, kwenye laptopu ya nyumbani isiyo ya shirika lolote, shuku kraki; uamilishaji (Windows kuikubali leseni) wa namna hiyo kwa kawaida hudumu siku 180, na amri ya pili itakuonyesha siku unayokwisha. T450 hii ilitoa RETAIL, na amri ya pili ikathibitisha kwamba imeamilishwa daima. "Hii ina leseni yake, usinunue nyingine," fundi akamwambia mteja. Sentensi hiyo ilimwokolea mteja pesa kuliko punguzo lolote la bei.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Stika ya Windows 7 iliyo chini ya laptopu, au ufunguo wa Windows 8 ulio ndani ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), zamani uliweza kuamilisha Windows 10. Microsoft waliifunga njia hiyo Septemba 2023. Lakini mashine iliyokwisha kupandishwa kihalali kabla ya hapo imesajiliwa kwenye seva zao kwa alama za vifaa vyake, hasa mazabodi. Badilisha diski, ongeza RAM, leseni itarudi yenyewe ukiingia kwenye intaneti. Badilisha mazabodi, utapata kosa 0xC004F211. Tena toleo lifanane: leseni ya Pro haiamilishi Home, wala ya Home haiamilishi Pro. Kukosea toleo ndiko kunakowafanya watu waseme leseni imekufa, kumbe fundi amechagua mstari usio wake kwenye orodha ya matoleo.

Kisha diski. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ilionyesha sekta mbovu zinazosubiri kuhamishwa, ile safu ya C5, zikiwa zaidi ya sifuri. Kuweka Windows juu ya diski ya namna hiyo ni kujenga juu ya mchanga, kwa hiyo duka lilikataa kuendelea bila diski nyingine. Faili za mteja zilinakiliwa kwanza, kisha ikawekwa SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 256. RAM ikapanda hadi GB 8 za DDR3L, ile ya volti 1.35. Kabla ya kufungua kifuniko, betri ya ndani ilizimwa kupitia BIOS, na hiyo ni hatua ambayo T450 inaidai kwa kuwa ina betri mbili. Vidole vya RAM, vile vipande vinavyogusana na mazabodi, vilikuwa vimefifia kwa unyevu na chumvi ya Pwani. Vikasuguliwa taratibu kwa kifutio, vikapanguswa kwa spiriti ya isopropili, vikang'aa tena. Wengi huliruka jambo hili, halafu mashine ikigoma kuwaka wanalaumu Windows.

Saa ya BIOS ilikuwa imerudi nyuma miaka, dalili kwamba betri yake, CR2032 yenye waya, imekwisha. Usilidharau hili. Tarehe ikiwa mbaya, vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa, na uamilishaji unagonga kosa 0x80072F8F hata kama leseni ni safi.

Flashi ya GB 8 ilitengenezwa kwa zana ya Microsoft wenyewe. Faili lake ni la GB kadhaa, kwa hiyo ukifanya nyumbani hesabu bando lako mapema. Kwenye T450 unabonyeza Enter inapowaka, halafu F12, unachagua flashi kwa njia ya UEFI, mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani. Ufunguo ukiulizwa, chagua kwamba huna, halafu chagua Windows 10 Pro. Diski iliyopangwa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, ingekataliwa hapa kwa sababu UEFI inataka mtindo mpya, GPT. Dawa ni kufuta sehemu zote za diski na kuiacha tupu, na ndiyo sababu nakala za faili hutangulia. Drayva (programu ya kuendesha kifaa) ya Wi-Fi ilikuwa tayari kwenye flashi ya pili. Baada ya kuunganishwa, leseni ilirudi bila mtu kuandika herufi moja.

Kasoro zipo. Saa za eneo ziliachwa za Marekani badala ya Nairobi, kwa hiyo barua pepe zilionyesha saa zisizoeleweka. Kisoma alama za vidole hakikuwekewa drayva. La uzito zaidi, mteja hakuambiwa kwamba usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida kichakato cha kizazi cha 8 au zaidi, na T450 haifiki hapo. Njia zilizobaki ni mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama, unaohitaji toleo 22H2 na akaunti ya Microsoft, au kuhamia Linux Mint, ambayo haidai leseni ya kulipia na inatembea vizuri kwenye mashine hii. Fundi anayejua leseni kiasi hiki angepaswa kuyasema hayo kabla ya kupokea pesa.

Kazi ilitozwa shilingi 1,500, vifaa mbali. Kuna vibanda vinavyofanya kwa bei ya chini, lakini kraki nyingi hudai kwanza uzime Windows Defender, na kwenye laptopu hiyo hiyo utafungua eCitizen na iTax, zile tovuti za serikali, pamoja na benki. Tunalipendekeza duka. Ukienda, omba slmgr /xpr iandikwe mbele yako kabla diski haijafutwa, na tena kabla hujalipa.