DATAMP kwa vyuma vya mashamba ya kale: mpe tarehe, usimpe umbo

DATAMP ni orodha ya mtandaoni ya hataza (patent, yaani hati za kulinda uvumbuzi) za Marekani za zana na mashine. Haina malipo, hujazwa na watu wa kujitolea, na sura yake ni ya kizamani: visanduku vya kutafutia, matokeo ya maandishi, basi. Kwa anayeokota vyuma penye nyumba za shamba zilizohamwa, inasaidia sana kwa sharti moja, kwamba chuma kiwe na tarehe, namba au jina. Ukiwa na umbo tu, utashinda humo mchana kutwa na utoke mikono mitupu.

Kazi basi inaanzia kwenye ndoo. Kutu ikiondolewa kwa brashi ya waya inayozungushwa na mashine, herufi huondoka nayo, kwa sababu kwenye chuma cha kusubu herufi zimetuna kidogo tu. Tumia umeme. Weka kijiko kimoja cha chakula cha soda ya kufulia kwa kila lita 4 za maji, chaja ya betri ya volti 12, waya hasi kwenye kitu chako na chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa. Ukigeuza nyaya, kinacholiwa ni kitu chenyewe. Kipande cha kutupa kisiwe stenlesi, maana maji yatabaki na kromiamu yenye sumu, na kazi ifanyike nje kwa kuwa mapovu yale ni hidrojeni. Baada ya usiku mmoja suuza, kausha, pitisha ubavu wa chaki juu ya herufi, kisha mulika tochi kutoka pembeni. Mwanga wa kutoka juu hufuta kila kitu.

Tarehe huandikwa kwa mkato, mfano PAT. MAY 15 188… na tarakimu ya mwisho imeliwa. Hapa kuna ujanja ambao DATAMP haikuambii: hataza za Marekani za enzi hizo zilitolewa Jumanne. Katika miaka ya 1880, tarehe 15 Mei iliangukia Jumanne mwaka 1883 na 1888 tu. Miaka kumi imebaki miwili. Bahati mbaya 3 na 8 zilizoliwa na kutu ni mapacha, kwa hiyo ingiza tarehe zote mbili na ulinganishe michoro. Tarehe isiyoangukia Jumanne umeisoma vibaya, au si ya hataza.

Namba nazo zina mtego. Namba ndogo yenye herufi mbele, kama K 412, karibu kila mara ni namba ya kipuri iliyowekwa kwenye kalibu ili mkulima aweze kuagiza kingine. Kuiingiza kama hataza kutakuletea kifaa cha miaka ya 1830 kisichohusiana kabisa, kwa sababu mfululizo wa namba ulianza 1836. Kwa makadirio ya haraka, mwaka 1880 ulianza na 223,211, 1890 na 418,665, 1900 na 640,167, 1910 na 945,010. Milioni ya kwanza ilifikiwa Agosti 1911. Ukiona neno DES. kabla ya namba, huo ni mfululizo mwingine wa hataza za maumbo, na hesabu hizi hazifai.

Kwenye spana, DATAMP ni hodari. Spana za mashamba zilitupwa ovyo kama misumari, na humo utapata mvumbuzi, mji wake, mara nyingine hata mtengenezaji, pamoja na kiungo cha hataza yenyewe. Kutafuta kwa jina la kampuni kunafaa pale tarehe imekufa kabisa. Ila jina nalo lipimwe: alama ya International Harvester, kampuni ya mashine za shamba, haiwezi kutangulia 1902, mwaka ambao kampuni za McCormick, Deering na wenzao ziliunganishwa.

Lakini kwa bizimu za hatamu, milango ya jiko na vipande vya plau, orodha ina mapengo. Hapo hamia Google Patents. Maandishi ya hataza kongwe yalisomwa na kompyuta kutoka kwenye picha, na makosa ni mengi, hivyo usitegemee maneno. Weka kikomo cha tarehe, siku moja kabla na siku moja baada, kisha ongeza kundi, yaani msimbo wa aina ya uvumbuzi: A01B kwa plau na haro, A01D kwa mashine za kuvuna na kukata nyasi, A01L kwa viatu vya farasi, B68B kwa hatamu na vifaa vyake. Orodha hupungua hadi kurasa chache za michoro ambazo jicho linaweza kuzipitia. Usishangae mchoro usipofanana na chuma chako kwa kila kitu, viwanda vilirahisisha.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuchukua tarehe ya hataza kuwa tarehe ya kutengenezwa. Hiyo ni mwanzo tu. Kalibu iliendelea kutumika miaka mingi, na zikiwapo tarehe kadhaa, ya mwisho ndiyo inayohesabiwa.

Kuna vyuma ambavyo havistahili muda wa utafutaji wowote. Kisu bapa cha pembetatu chenye matundu mawili ya ribiti ni jino la mashine ya kukatia nyasi. Kiatu kidogo kama mkia wa koma ni cha ng'ombe dume, kwato moja huvaa viwili. Msumari wenye mwili bapa unaopungua kuelekea ncha ulikatwa kwenye bamba, kwa kawaida kabla ya misumari ya waya kutawala miaka ya 1890. Mambo haya DATAMP haitakuambia, na haina haja.