Huduma ya uchunguzi wa maiti kwa kesi ya mauaji: ripoti ipi inasimama mahakamani?

Kuthibitisha kwamba mtu amekufa ni kazi ndogo. Kazi ni kuonyesha kwamba aliuawa kinyume cha sheria, pasipo shaka ya msingi, na mzigo huo ni wa upande wa mashtaka mwanzo hadi mwisho. Kesi ya Woolmington, Uingereza, mwaka 1935, ilikazia hilo: mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kwamba ilikuwa ajali. Ndiyo maana ripoti tunaipima kwa jinsi inavyoziba njia nyingine za kifo: ajali, ugonjwa, kujiua.

Ripoti ya ukurasa mmoja haifai. Utakuta "jeraha la kisu kifuani, chanzo cha kifo moyo kusimama". Moyo husimama kwa kila anayekufa. Hicho si chanzo, na wakili wa utetezi atakidaka mara moja.

Huduma kamili huanza na utambuzi: mwili unatambuliwa na watu waliomfahamu marehemu, na majina yao yanaandikwa. Picha hupigwa mwili ukiwa na nguo, kisha bila nguo, kila jeraha likiwa na rula pembeni. Maelezo yake husomeka hivi: "Sentimita 2 kushoto kwa katikati ya kifua, urefu sentimita 2.8, ncha moja kali na nyingine butu, limepita kati ya ubavu wa 4 na wa 5, likatoboa chemba ya kulia ya moyo." Hapo hakimu anaona kisu chenye makali upande mmoja. Daktari makini hatasema urefu wa kisu kutokana na kina cha jeraha, maana kifua hubonyea kinapochomwa na jeraha huweza kuzidi urefu wa kisu chenyewe. Ataandika pia asichokiona: hakuna mikato midogo ya kusitasita kama ya anayejiua. Na kama viganja vina mikato ya kujikinga, vinapigwa picha peke yake.

Shingo ndiyo inayotenganisha daktari na daktari. Alama ya kitanzi cha kujinyonga kwa kawaida hupanda kuelekea fundo. Ya kunyongwa kwa kamba mara nyingi huzunguka shingo sawasawa. Shingo ipasuliwe mwisho, tabaka kwa tabaka, baada ya ubongo na viungo vya kifua kutolewa na damu kuchuruzika. Ikianzwa mapema, damu huvuja kwenye misuli ikafanana na michubuko, na mtu anaweza kushtakiwa kwa alama iliyotengenezwa na kisu cha daktari. Kosa hili linatuuma kuliko yote. Mfupa mdogo wa koo usipovunjika, hasa kwa kijana, haimaanishi kwamba hakunyongwa.

Sampuli: damu itoke kwenye mshipa wa paja, kwa sababu baada ya kifo dawa huhama kutoka viungo vya jirani na kupandisha kipimo cha damu ya moyoni. Chupa iwe na sodiamu floridi, kemikali inayozuia damu kuharibika. Vipande vya viungo vikae kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya nyama. Kila chupa iwe na lakiri, saa, na saini ya anayetoa na anayepokea. Pengo moja huzaa swali la nani aliigusa.

Udhaifu wa huduma hii ni kusubiri maabara. Afadhali daktari aandike "chanzo kinasubiri majibu" kuliko kubahatisha.

Majeruhi akifa baada ya wiki kadhaa hospitalini, dai faili la matibabu lisomwe pamoja na mwili. Ripoti inayoishia "nimonia" inaacha mwanya. Inayosema nimonia ilitokana na kulala bila fahamu kwa sababu ya jeraha la kichwa inafunga mnyororo kutoka jeraha hadi kifo.

Kabla ya kulipa, uliza kama aliyepasua ndiye atakayekuja kutoa ushahidi. Mwenzake akija kuisoma ripoti tu, hawezi kujibu kuhusu alichokiona daktari aliyepasua.