Fundi wa taa za chini ya kabati, Langoni: nampa kazi tena, ila unga nitauficha

Mimi hukanda unga wa mahamri saa kumi usiku, kabla ya adhana ya alfajiri. Taa ya jikoni iko katikati ya dari, kwenye boriti, nami nikisimama mezani inanipiga mgongoni. Miaka yote nimekata vitunguu ndani ya kivuli changu mwenyewe. Binti yangu alipokuja kutoka Mombasa akanikuta nimeibana tochi kwa meno, akasema, "Mama, taa huwekwa chini ya kabati."

Nyumba yetu ni ya mawe, huku Mkomani, Lamu: kuta nene za matumbawe na chokaa. Fundi wa kwanza alitaka kuchimba ukuta apitishe waya. Anayekaa Lamu anajua, ukigonga patasi hapo huondoki na mfereji mwembamba. Chokaa hubanduka pande kwa pande. Huyu wa Langoni aligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Bi mkubwa, ukuta huu tusiuguse." Nikampa kazi hapo hapo. Alisema Jumatatu, akaja Alhamisi. Hilo nimeshamsamehe.

Waya aliutoa kwenye soketi ya friji, akaupandisha kwenye kona iliyofichwa na kabati, kisha akatoboa tundu moja dogo tu chini ya kabati. Taa zenyewe ni utepe wa vitaa vya LED wa volti 12, kwa hiyo umeme mkubwa unaishia kwenye adapta, kile kifaa kinachoupunguza. Una vitaa 60 kila mita na hukatwa penye alama kila baada ya vitaa vitatu. Aliulaza ndani ya reli ya alumini yenye kifuniko cheupe cha plastiki, kwa sababu bila kifuniko, vitaa vinaonekana kama shanga juu ya meza.

Tulibishana mara mbili. Kwanza nilitaka utepe ukae nyuma kabisa, nisiuone. Akaniuliza, "Kwani mamangu unapika ukuta?" Akauweka mbele, nyuma ya mdomo wa kabati, na sasa mwanga unaangukia kibao changu. Hapo alishinda. Pili, alileta taa nyeupe kama ya duka la dawa, samaki wangu akaonekana kama maiti. Nikamrudisha dukani akaleta ya manjano, ya 3,000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Hapo nilishinda mimi.

Sasa makosa. Vipande vya utepe alivishikanisha kwa vibanio vidogo vya kubofya. Hapa bahari i mlangoni, na baada ya wiki sita vikashika kutu, kabati moja likaanza kupepesa kama jicho lililoingia mchanga. Akaja, akalehemu kila kiungo kwa risasi na kupaka silikoni juu. Hakuniomba hata shilingi. Lakini adapta alikuwa ameizungushia plaiwudi juu ya kabati na kuipigilia misumari. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekwambia ufiche, sikukwambia uzike. Ikiungua nitaifikiaje?" Tena ikafungiwa hivyo inapata joto. Akakata kijidirisha chenye bawaba na kutoboa matundu ya hewa. Ukitaka kazi kama hii, mwambie hivyo mapema.

Na ule unga. Alitoboa kabati bila kufunika chochote, vumbi la mbao likaingia kwenye ndoo yangu ya kilo kumi iliyokuwa wazi. Aliomba radhi, lakini mahamri ya Ijumaa sikuuza.

Utepe, reli na adapta vilinigharimu shilingi 4,200, ufundi 3,000. Waya sizioni hata nikichuchumaa.

Nikiwasha sasa naona kila kitu. Juzi nimeona vidudu watatu kwenye unga wa mtu ninayemwamini siku zote. Hilo, kwa haki, si kosa la fundi.