Picha ya gorila wa milimani niliyoitundika sebuleni: weusi ndio mtihani

Nilinunua picha kubwa ya gorila dume wa milimani, uso tu umejaza fremu, kutoka kwa mpiga picha anayeuza kazi zake mwenyewe mtandaoni. Nakala zilizochapwa ni chache, kila moja ina namba yake na sahihi kwa penseli. Ilifika salama, kona hazijakunjika. Kwa upande wa usafirishaji sina neno.

Kilichonifanya nitoe pesa ni rangi nyeusi. Gorila ni mnyama mweusi anayeishi kwenye vivuli vya msitu, na kamera ukiiachia iamue yenyewe humzidishia mwanga, manyoya yakatoka kijivu yaliyopauka. Anayejua kazi hupunguza mwanga kwa makusudi. Baada ya hapo mzigo unabaki kwa mchapaji, ahakikishe vilivyomo ndani ya giza havizami. Kwenye nakala yangu havikuzama. Ukisogea karibu unaiona mikunjo iliyo juu ya pua, ile ile ambayo watafiti huitumia kumtofautisha gorila huyu na yule, kwa kuwa kila mmoja ana ya kwake. Juu ya nyusi kuna matone ya ukungu yaliyong'ang'ania kwenye ncha za nywele. Jicho ni la hudhurungi, na ndani yake kuna kipande cha anga kilichopenya kati ya majani. Kwenye simu yangu paji lote lilikuwa doa moja jeusi, kwa hiyo usimhukumu muuzaji yeyote wa picha za namna hii kwa kutazama simu.

Nilipewa nafasi ya kuchagua karatasi: ya pamba isiyong'aa au ya barita yenye mng'ao kidogo. Ya pamba inapendeza ukiishika, lakini nyeusi yake ni laini, haiendi chini sana. Nikachukua barita, na kwa mnyama huyu sioni sababu ya kuchukua nyingine.

Sasa lawama. Fremu aliyoniuzia ina kioo cha kawaida, na picha nyeusi nyuma ya kioo cha kawaida ni kujitazama mwenyewe. Mchana nilikuwa naona dirisha, usiku naona taa, gorila namtafuta. Nimekibadilisha, nikaweka kioo kisichoakisi, na ni kana kwamba kioo hakipo. Mtu anayeuza picha za gorila ilipasa alijue hilo kabla yangu.

Kwenye bega kuna chembechembe ukikodoa macho. Hilo namsamehe. Wageni hukaa na familia ya gorila saa moja tu, flashi hairuhusiwi, na chini ya miti ile lazima ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipande, na ndiyo inayoleta chembechembe. Ukiona picha ya gorila porini iliyo laini kila mahali kama plastiki, uliza imepitishwa kwenye programu gani.

Maelezo ya cheti kilichoambatana na picha yalinifurahisha nusu. Yanasema wazi kwamba mnyama alipigwa picha akiwa huru, upande wa Rwanda wa milima ya Virunga. Wauzaji wengi hawasemi. Nimeona picha ya bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe mtu, inauzwa kwa jina la sokwe mtu, na mtoto wa sokwe aliyetoa meno nje akaandikiwa kuwa "anacheka", wakati kwa sokwe meno yaliyokenuliwa vile mara nyingi ni woga. Lakini cheti hicho hicho kinamwita gorila wa milimani mnyama wa daraja la "hatarini zaidi kutoweka". Kimepitwa na wakati. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ilimshusha hadi daraja la hatarini kutoweka mwezi Novemba 2018, baada ya idadi yao kuvuka 1,000. Waliobaki kwenye lile daraja baya ni ndugu zake: gorila wa Grauer wa mashariki mwa Kongo, na wale wa magharibi. Cheti cha kazi ya bei hii kingepaswa kusomwa na mtu kabla ya kupigwa sahihi.

Halafu kuna ile sentensi kwamba "sehemu ya mapato huenda kwenye uhifadhi". Sehemu gani, na anapokea nani? Niliandika kuuliza, nikajibiwa kwa maneno matamu yasiyo na jina wala kiasi. Basi mimi nimeihesabu picha kama picha, mchango nitautoa kwa njia yangu.

Kwa uchapaji nampa nyota tano, kwa fremu nyota mbili. Nitanunua tena kwake, picha bila fremu, imeviringishwa kwenye bomba. Safari hii namtaka orangutani wake wa Sumatra. Manyoya mekundu yale nadhani hata karatasi ya pamba itayabeba vizuri. Kama kuna aliyewahi kumchapa orangutani kwenye pamba, aniambie imetokaje.