Uzoefu wangu na Series III yenye injini ya Discovery na difu za Range Rover

Land Rover yangu ni Series III fupi, ile ya inchi 88 kutoka ekseli hadi ekseli. Ndivyo kadi ya gari inavyosema. Ukifungua boneti unakutana na 200Tdi, injini ya dizeli yenye turbo iliyotoka na Discovery za kwanza mwaka 1989. Difu zote mbili, zile gia za katikati ya ekseli zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, ni za Range Rover ya zamani. Breki na habu za mbele zimevuliwa kwenye Series ndefu ya inchi 109, na springi ni za parabola, zile zenye majani machache manene. Cha asili kilichobaki ni chesisi, bodi, giaboksi na transfa yake, ile inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Niliinunua ikiwa imeshachanganywa hivyo, na matengenezo yake nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe tangu siku ile. Wengi huniuliza kama gari la namna hii linafaa kumilikiwa. Linafaa, na mimi ningelinunua tena. Ila utunzaji wake una utaratibu wake, tofauti kabisa na wa gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani.

Kila kipande kikiwa peke yake hakina shida. 200Tdi ni injini ngumu, haina kompyuta, na ukiisikiliza inakuambia inaumwa wapi. Difu ya Range Rover ikiwa na oili safi unaweza kuisahau. Taabu inaanza pale kipande cha gari moja kinapokutana na kipande cha gari lingine. Karibu kila ubovu ulionilaza chini ya gari hili ulikuwa kwenye maungio ya namna hiyo: waya wa huku ukipeleka umeme kifaa cha kule, bolti ya milimita ikiwa jirani na tundu la inchi, injini yenye nguvu ikisukuma giaboksi iliyozoea mnyonge.

Na giaboksi hiyo kweli ilizoea mnyonge. Injini ya petroli ya lita 2.25 iliyokuwa humo ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 70. 200Tdi ya Discovery ina 111, na torki yake inafika newtonimita 265 kwenye mizunguko 1,800 tu, yaani chini kabisa, pale ambapo dereva anaondoka na mzigo au anapanda mlima. Mzigo huo wote unapita kwenye meno ya giaboksi na kwenye hafu shafti za nyuma, yaani fito zinazotoka difu hadi magurudumu, ambazo hata na injini ya asili zilikuwa na sifa ya kukatika. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya matengenezo ni mguu wa dereva. Klachi naiachia taratibu, sikanyagi mafuta ghafla nikiwa gia ya kwanza, na tairi likizama kwenye tope sirushi gari mbele na nyuma kwa hasira. Tangu nianze kuiendesha hivyo, giaboksi haijanidai kitu zaidi ya oili.

Kuhusu oili hiyo nina msimamo. Weka EP90, oili nzito ya gia, ya daraja la GL-4, wala usikubali mtu akuuzie GL-5 kwa maneno kwamba ni namba kubwa zaidi hivyo ni bora zaidi. Dawa za salfa na fosfora zilizomo kwenye nyingi za GL-5 ni nzuri kwa meno ya difu, lakini zinaweza kula shaba ya sinkronaiza, zile pete zinazolainisha kubadilisha gia. Ninapoimwaga oili ya zamani naichungulia plagi ya chini kwenye mwanga. Ujiuji wa kijivu laini kama grisi ni kuchakaa kwa kawaida. Punje zinazometameta, unazozihisi ukizisugua kati ya vidole, zinamaanisha giaboksi inashushwa kabla haijasambaratika yenyewe.

Sasa difu. Hapa ndipo gari hili lilipopata raha kubwa na pia ndipo lilipoficha mambo mengi ambayo muuzaji hakuyataja. Difu za asili za Series zina uwiano wa 4.7, yaani propela, ile fito ndefu inayotoka transfa hadi difu, inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hizi za Range Rover ni 3.54. Kwa injini ya dizeli isiyopenda kupigishwa kelele, badiliko hilo ni la maana sana: gari linatembea barabara kuu kwa utulivu, mizunguko imeshuka, mafuta yanakaa. Kama ungeniuliza ni badiliko gani moja kati ya yote lililolifanya gari hili litumike kila siku, ningekutajia difu kabla ya injini.

Lakini mshale wa spidi unaendeshwa kutoka kwenye transfa, kabla ya difu, kwa hiyo haujui kwamba difu imebadilishwa. Ukionyesha 60, gari liko karibu na 80. Hilo madereva wengi huligundua mapema. Wachache hukumbuka kwamba namba za kilomita nazo zinadanganya kwa kiasi hicho hicho. Dashibodi ikiandika kilomita 7,500, gari limeshatembea karibu 10,000, ambazo ndizo za kumwaga oili ya injini. Mkanda wa taiming ni hatari zaidi. Mtu anayehesabu kwa dashibodi ataubadilisha akiwa amechelewa kwa theluthi nzima ya safari yake, na kwenye 200Tdi mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni. Mimi nazidisha namba ya dashibodi kwa 1.33 ndipo niandike kwenye daftari, na spidi nimeilinganisha na simu yenye GPS. Nimebandika karatasi ndogo pembeni ya mshale kwa ajili ya yeyote atakayeliendesha.

Kuna la tatu, nalo sijasikia muuzaji yeyote akilitaja: handbreki. Kwenye Series handbreki haishiki magurudumu. Ni dramu iliyo nyuma ya transfa, inashika propela, na nguvu yake inaongezwa na difu kabla ya kufika kwenye tairi. Difu ya 4.7 iliizidisha mara 4.7, hii inaizidisha mara 3.54. Kwa hiyo dramu ile ile, kiatu kile kile, kebo ile ile iliyokazwa vizuri, inashikilia gari kwa robo tatu tu ya nguvu ya zamani. Kwenye mteremko mkali naweka gia na kabari chini ya tairi, siku zote. Pia sili ya nyuma ya transfa naikagua mara kwa mara, kwa sababu ikivuja, oili inaingia moja kwa moja kwenye dramu hiyo, na hata ile robo tatu inatoweka.

Gia nzito za porini nazo zimepungua utambaaji kwa sababu hiyo hiyo. Ukishuka kwenye mawe gari linakimbia kidogo kuliko unavyotaka, na breki zinafanya kazi zaidi. Ndiyo maana dramu kubwa za inchi 11 za mbele si pambo. Busta ya breki inahitaji upepo wa kuvuta, na dizeli haitoi upepo huo kwenye manifoldi kama petroli. Kwenye injini hii upepo huo unatoka kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwake. Kuipima ni rahisi: zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, ishikilie hivyo hivyo halafu washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, pampu na mpira wake ni wazima. Isipozama, usitoke nyumbani.

Nati na bolti zinataka macho. Giaboksi na ekseli ni za inchi, injini ni ya milimita, na mabano yaliyotengenezwa na fundi wa kuunganisha ni ya chochote alichokuwa nacho siku ile. Bolti ya M8 na ile ya inchi 5/16 zinakaribiana unene kiasi kwamba vidole havizitofautishi. Ukiingiza moja kwenye tundu la nyingine inakwenda nyuzi mbili tatu kwa ulaini, kisha inakaza. Anayedhani ni kutu akaongeza nguvu ya spana anaharibu uzi wa kipande ambacho huenda hakipatikani tena. Nina kipande cha bapa nilichokitoboa na kukichonga nyuzi za saizi zote zilizomo kwenye gari hili, na hakuna bolti inayorudi mahali pake bila kupita hapo kwanza.

Nati za magurudumu nimezipa alama ya rangi. Habu za mbele zina stadi za M16 na za nyuma zina stadi za zamani za inchi 9/16, na spana ni ile ile. Nati ya M16 ikivikwa kwenye stadi ya nyuma haishiki uzi, inapita tu. Mbele ni nyekundu, nyuma hazina rangi, na yeyote anayenisaidia kubadilisha tairi nampa maelezo hayo kabla hajashika spana.

Umeme ndio ulionichosha kwa muda mrefu zaidi. Injini ilikuwa inazima ghafla barabarani kisha inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilibadilisha filta ya dizeli, nikatoa upepo kwenye mabomba, nikakagua mpira wa mafuta yanayorudi kwenye tangi. Ubovu ulikuwa kwenye waya mmoja mweupe. Kwenye mpangilio wa rangi wa magari ya Uingereza, mweupe ni umeme unaokuja swichi ikifunguliwa. Aliyejenga gari aliuchukua ule uliokuwa ukienda kwenye koili ya petroli, akaupeleka kwenye solenoidi ya pampu ya dizeli, ile inayofungua mafuta muda wote inapopata umeme. Kichwa cha waya kilikuwa kimebanwa kwa koleo tu, kikawa kinachezacheza juu ya solenoidi kila gari likipita kwenye mashimo. Siku hizi injini ikizima, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufungua swichi bila kupiga stata na kutega sikio kwenye pampu. Ukisikia mlio mfupi wa solenoidi, umeme unafika, tafuta ubovu kwenye mafuta. Ukimya unakupeleka kwenye waya.

Erthi, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri, nayo ina somo lake. Bodi ni aluminiamu, na aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye unyevu inaliwa, inabaki unga mweupe, na taa zinaanza kufifia moja ukiwasha nyingine. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo inahitaji waya wake mnene wa erthi kwenda kwenye chesisi. Usipokuwepo, umeme mkubwa wa stata unatafuta njia yake kupitia kebo ya mafuta na kuichoma. Fungua, sugua hadi chuma king'ae, paka grisi, funga. Ni kazi ya asubuhi moja inayoondoa malalamiko mengi ya umeme kwa pamoja.

Kuhusu redieta nitasema kidogo tu: kichwa cha 200Tdi ni aluminiamu na hakisamehe joto, kwa hiyo siweki maji matupu yasiyo na dawa ya redieta. Mipira ya redieta imeokotwa kwenye magari mbalimbali, na kila mmoja nimeandika kipenyo cha ncha zake mbili.

Kuandika ndiko kunakolifanya gari hili lihudumike. Ukienda dukani na kusema unataka klachi ya Series III, utapewa ya Series III, na huenda ikafaa au isifae, kwa sababu flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi hufungwa juu yake, ni ya injini nyingine. Hakuna kitabu cha kiwanda kinacholijua gari lako. Daftari langu lina ukurasa kwa kila sehemu: imetoka gari gani, la mwaka gani, namba iliyochorwa kwenye beringi, vipimo vya sili, aina ya uzi, oili gani na kiasi gani. Dukani siku hizi sitaji gari. Nataja sili ya vipimo kadhaa, beringi ya namba fulani, na nikiweza nabeba ya zamani mkononi. Nimewahi kuona magari mazuri ya mchanganyiko yakiuzwa kama chakavu kwa sababu tu mwenyewe aliyejua kilichomo hakuandika popote.

Gari hili halimfai mtu anayelipeleka gereji asubuhi na kulifuata jioni bila kuuliza kilichofanyika. Fundi asiyelijua ataagiza kwa jina lililo kwenye kadi, na utalipia vipande visivyoingia. Linamfaa anayependa kuelewa kwa nini kitu kimefungwa pale kilipo.

Ukiwa unataka kununua la aina hii, usitosheke na kuwasha injini na kuzunguka mtaa. Omba daftari au picha za ujenzi. Halafu hakikisha difu mbili zina uwiano mmoja, kwa sababu kuna magari yaliyobadilishwa ya nyuma tu, na siku utakayounganisha ekseli ya mbele kitu kitavunjika. Tia kabari, weka gia huru, achia handbreki, nyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Zungusha gurudumu mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara tatu na nusu na ushee, ni 3.54. Ikikaribia mara tano kasorobo, ni 4.7. Rudia mbele, ekseli ya mbele ikiwa haijaunganishwa. Majibu yakitofautiana, bei ishuke kwa gharama ya difu nzima, au muache na gari lake.